Shingo ya Chaja

Ya nne leo, na saa nne ya asubuhi haijagonga.
Kabula, mwanafunzi wa uuguzi pale Kitete,
ameishika mkia kama panya aliyekufa.
"Fundi, nikiikunja hivi inawaka. Nikiachia, giza."
Najua, nikamwambia. Shingoni.
Zote hufia shingoni,
pale waya unapoingia kwenye boksi,
pale kila mwenye haraka anapovuta.
Aliyeichora alilijua hilo kabla yangu.
Nchi moja tu ya mpira ingetosha. Hakuiongeza.

Meza yangu ipo Kanyenye, ubavuni mwa duka la mbegu.
Kopo la maziwa limejaa midomo ya chaja:
wa duara wenye sindano katikati,
wa njano, wa bapa, mwembamba kama bua la mpunga.
Nimehesabu ishirini na sita,
na karibu yote inapitisha volti kumi na tisa zile zile.
Umeme hauna kabila, midomo ndiyo inayo.
Kompyuta ya Kabula inataka wa ishirini na saba.

Marehemu baba aliunga mabehewa stesheni.
Lililotoka Mpanda, lililotoka Kigoma, lililotoka Mwanza,
usiku wa manane yalikutana hapa Tabora,
ndoano ikadaka ndoano, ngwa! safari.
Sikusikia hata moja likisema
mimi wa Mpanda sishikani na wa Mwanza.
Nilimpelekea chai kwenye chupa
ambayo kizibo chake kilipotea, tukaziba kwa gunzi,
na hakuna aliyetuambia tununue chupa nyingine.

Natafuta skrubu. Hakuna.
Gundi mzunguko mzima, kisu kinateleza.
Mgongoni wameandika usifungue,
na kando yake pipa la taka limepigwa mkasi.
Nisifungue, nisitupe. Basi niioe?
Kabula akacheka, kisha akakumbuka:
kesho ndiyo siku ya kukabidhi,
kurasa thelathini za malaria kwa wajawazito,
na betri ina asilimia kumi na moja.

Mpya dukani ni elfu hamsini na tano.
Ipo pia ya elfu kumi na tano, hiyo naifahamu,
huletwa hapa imevimba, inanuka dagaa walioungua.
Niliipasua moja mwezi wa tatu:
ndani walipachika kipande cha chuma
ili mkono wa mnunuzi uone uzito.

Hii ya Kabula si ya hivyo.
Ikafunguka kwa mlio wa karanga.
Koili nzima. Kapasita nzima. Kazi safi, namsifu aliyeiunda.
Kilichokatika ni waya wa kati tu,
nyuzi za shaba laini kama nywele za kichanga,
na kwa nyuzi hizo alitakiwa aitupe yote.

Nikakata, nikamenya, nikachomea risasi,
moshi ukanipanda machoni.
Shingoni nikaivika mpira wa tyubu ya baiskeli,
nikaukaza kwa uzi, nikaupaka nta
ya jirani yangu Mlekwa, muuza asali ya Sikonge.
Haipendezi. Ni kidole kilichofungwa bandeji.
Kabula akaikagua kwa jicho la wodini,
akaivuta mara mbili, akanyamaza.
Tukachomeka.
Taa ya njano. Asilimia kumi na mbili.

Wakati wa kufunga, gundi nikaiacha kwenye kichupa chake.
Nikatoboa matundu mawili, nikatia skrubu za nyota,
na upande wa ndani, kwa ncha ya msumari,
nikakwaruza tarehe, na maneno: shingo, waya wa kati.
Kabula akimaliza chuo huenda akapangwa Nzega, au Urambo ndani huko.
Fundi wa huko, nisiyemjua,
asianze na kisu.

Elfu sita, nikamwambia.
Akatoa tano na ahadi.